Chokaa Ipi?

Ntalikwa, Tabora
12 Februari 1950

Mdogo wangu Wenceslaus,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujamaliza kufungua bahasha. Sisi tu wazima. Mama mkwe Koleta ni mzima ila goti. Mume wangu Masolwa bado yuko Urambo kwenye tumbaku, ameandika kwamba atakuja mavuno yakiisha, na mwaka jana alisema hivyo hivyo. Raymundi ametimiza miaka mitatu, anatoa maneno ambayo sijui ameyaokota wapi. Leonia ana miezi miwili, ananyonya vizuri, halali vizuri. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umembeba yeye, kwa hiyo ukiona herufi zimelala usiseme dada amesahau shule.

Sasa nisikilize. Serikali inatuletea mashine ya kuvuta maji, na bomba litafika mpaka zahanati mpya ya akina mama na watoto. Mashine ni moja, visima ni viwili, unavikumbuka: Kisima cha Wadachi, kile cha kuta za mawe kilichochimbwa wakati wa reli, na Kisima cha Wapagazi, kule kwenye njia ya misafara walikokuwa wakitua mizigo watu wa Ujiji. Maji yapo ya kutosha kote kuwili. Bwana wa maji kutoka mjini akasema basi kitachaguliwa chenye maji laini. Kwa Wapagazi alijaza chupa akaipeleka huko kwenu Dodoma. Kwa Wadachi hakujaza kitu, alisema kuna karatasi ya zamani. Juma lililopita amerudi na jibu, amelisoma mbele ya mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, Mzee Masele: ugumu wa maji ya Wapagazi digrii kumi na nane, ya Wadachi kumi na nne. Kwa hiyo mashine inakwenda kwa Wadachi.

Kwanza tulicheka. Mama Koleta aliuliza hayo maji magumu yana mifupa, au ni ya kuchemsha mpaka yaive. Kicheko hakikudumu, maana hakuna mwanamke wa Ntalikwa asiyejua kwamba maji ya Wadachi yanakula sabuni. Winda za mtoto ukizifulia huko zinatoka na utando wa kijivu, zikikauka zinasimama zenyewe kama magome ya mti. Mapaja ya Leonia yamechubuka kwa winda hizo. Nikizifulia kwa Wapagazi siku tatu, anapona. Ndiyo maana kila siku nakipita kisima kilicho karibu nakwenda cha mbali, mtoto mgongoni, ndoo kichwani, na jioni mgongo wenyewe ndio unaonisimulia. Wakitia mashine kwa Wadachi, maji yale ndiyo yatakayomwogesha kila mtoto atakayezaliwa zahanati. Na Kisima cha Wapagazi kitafukiwa, wamesema, watu wasije wakatumbukia.

Wewe umo ndani ya nyumba ya kupimia maji. Niambie digrii ni nini, mnaipimaje, na nani aliandika hiyo kumi na nne. Kazi inaanza mwezi wa sita.

Dada yako,
Apolinaria


Dodoma
5 Machi 1950

Dada Apolinaria, shikamoo.

Barua yako ilinikuta na homa, sasa nimepona. Mpe Mama Koleta pole ya goti, na umwambie kwamba ile ya mifupa niliwasomea wenzangu kazini. Mzee Abasi, karani wetu wa makaratasi aliyesoma Kidachi enzi zile, alicheka mpaka akavua miwani. Hapa upepo unatulisha vumbi asubuhi na jioni. Jambo jema ni kwamba mwezi wa tano napewa mtihani wa kuwa mpimaji kamili. Sasa hivi naosha chupa na kupima huku mkubwa akinitazama begani. Nikifaulu nitatia sahihi yangu mwenyewe.

Dada, hujui swali lako lilivyonifurahisha. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kazi yangu ni nini, wote huuliza tu inaisha saa ngapi.

Maji ya mvua hayana kitu. Yakipita ardhini yanalamba mawe na kubeba chokaa. Sabuni ikitiwa, chokaa inaishika kwanza, na huo ndio utando wako wa kijivu. Mpaka chokaa yote ishibe, povu halitoki. Kwa hiyo sabuni ndiyo mizani yetu! Tunatia maji kwenye chupa, tunadondosha sabuni iliyoyeyushwa kutoka mrija wa kioo wenye mistari, tunafunga, tunatikisa, tunailaza chupa. Povu likikaa dakika tano bila kuvunjika, tunasoma mstari. Sabuni nyingi, maji magumu.

Digrii sasa. Hapo wakubwa wa dunia hawajapatana. Wako Waingereza wanaohesabu chembe za chokaa, kipimo chao kidogo cha uzito, katika galoni. Sisi hapa tunahesabu sehemu katika laki: chukua maji ratili laki moja, humo mna chokaa ratili kumi na nane. Hiyo ndiyo kumi na nane ya Wapagazi, niliipima kwa mkono wangu. Ukiigeuza kwa chembe na galoni inakuwa kumi na mbili na nusu na ushee kidogo, na maji ni yale yale. Tazama uzuri wake.

Ile kumi na nne ilitoka kwenye kadi ya Kidachi ya mwaka 1912, ikaandikwa daftarini. Wadachi walikuwa watu wa makini. Huenda akina mama mmezoea tu kule kwa Wapagazi.

Ndugu yako,
Wenceslaus


Ntalikwa
26 Machi 1950

Mdogo wangu mpenzi,

Tumeshukuru kwamba homa imekuacha. Goti la Mama Koleta limesikia pole yako na halikujibu. Leonia ameanza kucheka, hasa ninapokuwa na haraka.

Nimepima! Niache niseme upesi kabla hajaamka. Nilimenya sabuni kwa kisu, nikaiyeyusha katika maji ya mvua niliyokinga kwenye sufuria, maana ulisema hayana kitu. Nilichukua chupa mbili za dawa zilizo sawa, nikaazima na kifuniko cha chupa ya kwinini kiwe mrija wangu. Saa hatuna. Nikasema fungu moja la rozari linatosha dakika tano. Paskazia, jirani yangu Mmoraviani, akakataa, akasema maji ya serikali hayawezi kupimwa Kikatoliki, na Mama Koleta akisali ana kawaida ya kukimbia. Ikabidi Mama Koleta asali fungu lake na Paskazia aimbe wimbo wake beti zote, na tusubiri atakayemaliza mwisho. Kila mara aliyemaliza mwisho ni Paskazia. Nadhani alikuwa akiongeza beti.

Maji ya mvua: kifuniko hakikuisha, povu hilo. Maji ya Wapagazi: kifuniko cha kwanza, hapana. Cha pili, hapana. Cha tano povu likasimama mpaka Paskazia akafunga mdomo. Maji ya Wadachi: cha tano, utando tu. Cha sita, povu likaja likafa. Cha saba ndipo likakaa. Tulirudia mara tatu, mara ya tatu mbele ya Mzee Masele mwenyewe, nikamfunga macho wakati wa kuzijaza, asijue chupa ni ipi. Tano na saba, Wenceslaus. Tano na saba, kila mara. Wanawake walipiga vigelegele kana kwamba nimejifungua tena.

Mzee Masele akatoa karatasi ya bwana wa maji mfukoni, akaigonga kwa kidole. Alisema karatasi ya serikali haiwezi kushindwa na kifuniko cha kwinini. Nikamwambia kifuniko hakijasema uongo, tuulize karatasi. Akajibu karatasi haiulizwi.

Mimi naiuliza. Nilikuuliza nani aliandika kumi na nne, ukaniambia "ikaandikwa". Kalamu haijiandikii yenyewe, mdogo wangu. Nani?

Ni mimi,
Apolinaria


Dodoma
16 Aprili 1950

Dada Apolinaria, shikamoo.

Natumaini Pasaka ilikuwa njema. Hapa tulikula wali kwa mwenzetu mmoja wa Kondoa, mtu mkarimu sana. Mvua zimekuwa kidogo. Nimemnunulia Raymundi kofia, nitaituma nikipata mtu wa kuja Tabora.

Kuhusu vifuniko, dada, umefanya vizuri, ila vyombo vya nyumbani havina uhakika, na huenda sabuni ilichanganyika vibaya. Wadachi nao walihesabu sehemu katika laki kama sisi. Digrii yao moja ni chokaa sehemu moja katika maji laki moja. Yetu moja ni chokaa sehemu moja katika maji laki moja. Ni sawasawa, hakuna cha kugeuza. Wakubwa wameshaamua. Nakuomba usigombane na Mzee Masele, wewe una mtoto mchanga na mume yuko mbali.

Mtihani wangu ni tarehe ishirini na mbili mwezi ujao. Niombee.

Wenceslaus


Ntalikwa
30 Aprili 1950

Wenceslaus,

Tu wazima wote. Salamu nyingine nitazitoa mwisho, leo sina subira.

Juzi nilikwenda zahanati na Leonia. Ukuta unapakwa rangi nyeupe, na fundi Selemani alikuwa anazima chokaa shimoni, inatokota yenyewe bila moto kama uji wa mashetani. Nikakaa kivulini kunyonyesha. Nilikuwa na barua yako kichwani, laki na laki, sawasawa na sawasawa. Nikamwuliza Selemani, kwa kuzungumza tu: maji yakiwa na chokaa kumi na nne, ni chokaa nyingi?

Hakuinua hata kichwa. Akaniuliza, "Chokaa ipi, mama? Ya mawe au ya tanuri?"

Nilisimama na mtoto bado yuko kwenye ziwa.

Wenceslaus, umesahau tanuri la baba? Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unalala juu ya magunia. Mimi nilibeba. Yale mawe meupe ya mbugani tuliyaita chokaa. Yakiungua siku tatu, unga uliotoka tukauita chokaa. Baba aliwachomea mapadre, na kila tanuri alisema neno lile lile: "Mizigo tisa inaingia, mitano inatoka, minne inakwenda na moshi." Tulikuwa tunalia kwamba tumeibiwa, tumebeba tisa tumepata tano. Jina moja, dada yako mmoja, mgongo mmoja, lakini uzito si mmoja.

Sasa sikiliza. Kama Mdachi alihesabu chokaa ya tanuri, na ninyi mnahesabu chokaa ya mawe, basi kumi na nne yake si kumi na nne yenu. Nilichukua mkaa nikaandika sakafuni kwa Selemani. Kumi na nne gawa kwa tano, zidisha kwa tisa. Ishirini na tano, na sehemu mbili za kumi juu yake. Halafu nikakumbuka vifuniko vyangu. Wapagazi vifuniko vitano ni digrii kumi na nane, haya, vifuniko saba ni ngapi? Kumi na nane gawa kwa tano, zidisha kwa saba. Nikaandika kando ya ile ya kwanza. Ishirini na tano na sehemu mbili za kumi.

Ile ile! Tanuri la baba na kifuniko cha kwinini, havijawahi kuonana, vimesema neno moja. Nilicheka peke yangu mpaka Selemani akaniuliza kama nina homa. Sijui kama nimewahi kufurahi hivi tangu Raymundi alipolia mara ya kwanza.

Niliporudi nilimwomba Mzee Masele anionyeshe ile karatasi. Safari hii alinipa. Na hapo furaha ikaingia mchanga. Nimekufundisha kuandika namba mimi, kwenye majivu, mama akiwa mgonjwa. Nne yako ulikataa kuifunga juu, ukaiacha wazi kama kiti kilichopinduliwa, nikakuchapa kidogo, hukubadilika. Nne iliyo kwenye karatasi ya serikali ni kiti kilichopinduliwa.

Sikuambii nimekasirika. Nimekuuliza mara mbili, mara ya kwanza ukanijibu "ikaandikwa", mara ya pili ukanijibu kwa kofia ya Raymundi. Najua kuna mtihani. Najua umeosha chupa miaka minne. Lakini kisima kikifukiwa hakifukuliwi, na watoto wa zahanati hii hawatajua kulikuwa na mtihani. Kamwambie mkubwa wako. Nenda wewe, kabla mimi sijamwandikia. Na nitamwandikia, hata kwa mkono mmoja.

Mama Koleta anakusalimu. Kofia tutaipokea kwa mikono miwili.

Dada yako, ambaye ni dada yako vyovyote itakavyokuwa,
Apolinaria


Dodoma
21 Mei 1950

Dada, shikamoo. Shikamoo tena.

Nimekawia kwa sababu kila nilipoanza barua niliishia kwenye salamu. Leo naanza na lenyewe. Niliandika mimi.

Kadi ya Wadachi ililetwa mezani mwezi wa kwanza. Kidachi sikijui. Mzee Abasi aliisoma, akanitafsiria kwa Kiswahili kama tunavyofanya siku zote, akasema, "Chokaa kumi na nne katika laki." Nami nikaiandika kwa Kiingereza, kwenye safu ya chokaa. Hiyo safu ni ya mawe. Kidachi kina neno lake la chokaa ya tanuri, Kiingereza kina maneno mawili, na katikati yao tulisimama sisi wawili na neno moja la Kiswahili, tukalipitisha kama daraja.

Barua yako ya vifuniko iliponifika nilikwenda kuitazama kadi. Nilihisi kitu, dada. Sikukijua, ila nilihisi. Nilipokuandikia "sawasawa" sikuwa na hakika, nilikuwa na mtihani.

Barua ya tanuri niliisoma mara moja tu. Nikaenda nayo kwa mkubwa. Nilimwambia nimekosea mimi, sikumtaja Mzee Abasi, kwani amebakiza mwaka mmoja apumzike. Kumbe mzee mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia akasema, "Mdomo ulikuwa wangu, bwana, mkono tu ndio wake." Mkubwa alichukua penseli, akahesabu, akafika ishirini na tano. Akauliza nani aliyegundua. Nikasema dada yangu. Akauliza amesoma wapi. Nikamwambia darasa la nne misheni, na tanuri la chokaa. Alitaka kuelezwa habari ya vifuniko, nikamweleza, na rozari, na beti za Paskazia. Hakucheka. Aliandika.

Simu ilipigwa Tabora. Wakaagiza chupa mpya ya maji ya Wadachi, ikaja kwa treni. Mkubwa akaniambia niipime, nami nikamwaga sabuni mara ya kwanza. Ishirini na tano. Niliposoma mstari nilitamani ungekuwapo.

Mtihani nimenyimwa mwaka huu. Mwakani nitaomba tena. Tumekuta visima kumi na vitatu vingine vilivyoandikwa kwa njia ile ile, mpaka karibu na Ujiji, na mimi na Mzee Abasi tumepewa kuvisahihisha. Anasoma neno la Kidachi, kabla sijaandika namwuliza, "Chokaa ipi?" Ananiambia nina adabu mbaya, halafu ananijibu.

Niliona haya kukujibu. Sasa haya imepungua. Usiache kunichapa.

Wenceslaus


Ntalikwa
16 Julai 1950

Mdogo wangu,

Marahaba, zote mbili. Kofia imefika, Raymundi analala nayo. Masolwa amekuja kweli, tumbaku imekwisha, na kwa siku tano nimelala usingizi kama mtu aliyekatwa kamba, yeye ndiye anayemzungusha Leonia.

Kuhusu mtihani nililia kidogo. Lakini nilikuambia ukaseme, nawe ulisema. Hayo mawili nayaweka pamoja.

Mashine iko kwa Wapagazi. Iliwashwa Jumamosi, ikakohoa, ikanyamaza, Mzee Masele akaanza kusema alijua, halafu ikanguruma hata kuku wakahama. Maji yalitoka kwenye bomba la zahanati yakiwa mekundu, yakatakata, na Mama Koleta ndiye aliyekinga kwanza, akanywa, akatangaza kwamba hayana mfupa hata mmoja. Kisima cha Wadachi wamekiacha wazi kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe hawafui.

Bwana wa maji aligongomea kibati kwenye nguzo ya tangi, kimeandikwa kwa rangi: UGUMU 18. Basi, hivyo tu. Nilikitazama siku mbili, winda zikiwa mkononi. Siku ya tatu nilimpa Masolwa mtoto, nikaomba brashi kwa Selemani, nikapanda kwenye jiwe, nikaandika chini yake: SEHEMU KATIKA LAKI, CHOKAA YA MAWE.

Jana bwana wa maji alipita. Akasoma. Akauliza nani amechafua kibati cha serikali. Watu wote wakatazama chini, hata Paskazia. Nikasema ni mimi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia, "Ili atakayekuja baada yetu asiulize mtu, asome."

 Alitoa daftari lake, akainakili mistari yote miwili.

Dada yako,
Apolinaria